Kim Il-sung na watu waliomjua zamani

(Hotuba kwa walimu wa historia na wanafunzi wa kidato cha tano na sita, Morogoro. Naiweka hapa nzima kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani nimeziacha.)

Mwenyekiti wa kikao, walimu wenzangu, wazee wangu mliokaa safu ya mbele, shikamooni. Na ninyi wa kidato cha tano na sita mliobanana kule nyuma, hamjambo? Vizuri.

Nimepewa saa moja nimzungumzie Kim Il-sung, aliyeitawala Korea Kaskazini tangu ilipoundwa mwaka 1948 hadi alipofariki Julai 1994. Hesabuni wenyewe. Stalin alikufa, yeye yupo. Mao alikufa, yeye yupo. Umoja wa Kisovieti uliomweka madarakani ukavunjika, yeye bado yupo. Alidumu vipi?

Mkimuuliza mtu yeyote atawajibu: bunduki, Warusi na woga. Simpingi. Lakini bunduki, Warusi na woga vilikuwapo Poland, vilikuwapo Hungary, vilikuwapo Bulgaria, na watawala wa huko waling'oka. Kim hakung'oka. Jibu langu ni jingine kidogo, na ndilo nitakalolitetea jioni hii: Kim alidumu kwa sababu, hatua kwa hatua, aliwaondoa watu waliomjua kabla hajawa mkubwa. Waliomjua akiwa kijana. Waliomjua akiwa kapteni tu. Waliomjua akiwa mmoja kati ya wengi. Wakishaisha hao, nani atabaki wa kusema haikuwa hivyo?

Tuanze na tarehe 14 Oktoba 1945, mjini Pyongyang.

Siku hiyo makumi ya maelfu ya watu walifurika uwanjani. Japani, iliyoifanya Korea koloni lake mwaka 1910, ilikuwa imesalimu amri miezi miwili tu nyuma. Jeshi Jekundu la Kisovieti liko mjini. Watu wametangaziwa kwamba leo mtamwona Jenerali Kim Il-sung, yule aliyewasumbua Wajapani kule Manchuria, kaskazini mashariki mwa China. Jina hilo walikuwa wamelisikia miaka mingi kwa kunong'onezana, kwa hiyo wengi walitarajia mzee mwenye mvi na makovu. Akapanda jukwaani kijana wa miaka 33, nywele amenyoa fupi, kifuani ana nishani ya Kisovieti, mkononi hotuba ambayo maofisa wa Kisovieti walikuwa wameshiriki kuiandaa. Minong'ono ikaanza palepale. Huyu siye. Huyu ni mtoto. Wametuletea bandia.

Picha ya siku ile ipo. Nyuma ya Kim wamesimama maofisa wa Kisovieti. Miaka ilipopita na picha hiyohiyo kuchapishwa tena Pyongyang, maofisa wakawa wamefutwa. Kijana amebaki peke yake na umma wake.

Je, alikuwa bandia kweli? Hapana, ndugu zangu, na hapa nawaomba walimu tuwe makini, maana uvumi huo bado unatembea. Alizaliwa 15 Aprili 1912 huko Mangyongdae, nje kidogo ya Pyongyang, akaitwa Kim Song-ju; Kim Il-sung ni jina alilolichukua baadaye akiwa mpiganaji. Familia yake ilikuwa ya Kikristo, madhehebu ya Presbiteri. Wazazi wakahamia Manchuria akiwa mdogo, kama Wakorea wengi waliokimbia utawala wa Kijapani. Akasoma shule ya Kichina huko Jilin, akatiwa jela miezi kadhaa kwa sababu ya siasa za vijana, kisha mwaka 1931 akajiunga na Chama cha Kikomunisti. Chama kipi? Cha China. Cha Korea hakikuwapo tena, kilikuwa kimesambaratishwa. Akaingia msituni chini ya makamanda wa Kichina.

Usiku wa tarehe 4 Juni 1937 aliongoza wapiganaji wasiozidi mia mbili hivi kuvuka mto wa mpakani na kuuvamia mji mdogo uitwao Pochonbo. Walishambulia kituo cha polisi, wakachoma ofisi za serikali, wakaushika mji kwa saa chache, wakarudi walikotoka. Kijeshi lilikuwa jambo dogo. Lakini gazeti la Dong-A Ilbo la Seoul liliandika habari hiyo, na katika nchi ambako kila siku watu waliamka wakiwa watawaliwa, habari ya Mkorea aliyewachomea Wajapani ofisi iliwapa watu pumzi. Jina la Kim likapaa. Nawaomba muikumbuke Pochonbo, tutairudia.

Wajapani wakaja juu. Kufikia 1940 wenzake wengi walikuwa wameuawa au wamesalimu amri, naye akavukia Umoja wa Kisovieti. Huko, karibu na Khabarovsk, akapewa cheo cha kapteni katika brigedi ya 88 ya Jeshi Jekundu. Mtoto wake wa kwanza, Kim Jong-il, alizaliwa hukohuko na akawa anaitwa Yuri. Leo mkienda Pyongyang mtaambiwa mtoto alizaliwa katika kambi ya siri ya wapiganaji kwenye mlima mtakatifu wa Paektu. Na vita vilipokwisha, Kim hakuingia nchini akiongoza jeshi la ukombozi. Alishuka bandarini Wonsan tarehe 19 Septemba 1945, kutoka kwenye meli ya Kisovieti, zaidi ya mwezi mzima baada ya Wajapani kusalimu amri.

Mnaona tatizo lake? Historia yake ya kweli ilikuwa ya kujivunia kabisa. Mtu aliyepigana msituni miaka yote ile, kwenye theluji, bila kusalimu amri, hahitaji kuongezewa chumvi. Lakini ndani ya historia hiyo kulikuwa na Wachina waliomwamuru, Warusi waliompa cheo, na Wakorea wengine waliofanya makubwa kumzidi. Yeye aliitaka historia isiyo na watu wengine ndani.

Wa kwanza kuondoka alikuwa Cho Man-sik. Huyu alikuwa mzee wa kanisa, mwalimu, mzalendo ambaye Pyongyang nzima ilimheshimu. Wasovieti walimtaka kwanza yeye. Lakini mwishoni mwa 1945 mataifa makubwa yalipokubaliana kwamba Korea iwekwe chini ya udhamini, Cho akakataa katakata. Watu wameshatawaliwa miaka 35, leo wapewe tena mlezi? Januari 1946 akawekwa kizuizini katika hoteli, na hakurudi tena kwenye siasa. Njia ya Kim ikafunguka.

Niseme na la upande wa pili, kwa sababu historia ya kumchafua mtu tu haina faida darasani. Machi 1946 serikali ya Kim iliwanyang'anya Wajapani na makabaila mashamba, ikawagawia wakulima bure, na kazi hiyo ilikamilika ndani ya wiki chache. Mkulima aliyekuwa akimpelekea mwenye shamba nusu ya mpunga wake tangu enzi za babu yake, leo anaambiwa shamba ni lako. Ungekuwa wewe usingempenda? Walimpenda. Mapenzi hayo yalikuwa ya kweli, na mashamba hayohayo yalichukuliwa tena miaka ya 1950 yakawa ya ushirika wa lazima.

Sasa vita.

Usiku wa kuamkia 11 Agosti 1945, jijini Washington, makanali wawili wa Marekani, Dean Rusk na Charles Bonesteel, walipewa kama nusu saa watafute mahali pa kuigawa Korea, Wasovieti wapokee silaha za Wajapani kaskazini na Wamarekani kusini. Mezani walikuwa na ramani ya jarida la National Geographic. Wakaona mstari wa latitudo ya 38, unaoiacha Seoul upande wao. Wakaupendekeza, Stalin akakubali. Hakuna Mkorea aliyeulizwa. Mwaka 1948 zikazaliwa serikali mbili, kila moja ikidai Korea yote ni yake.

Kim aliomba ruhusa ya kuivamia Kusini mwaka 1949, Stalin akamkatalia. Akaendelea kuomba. Mwaka 1950 Stalin akalegeza, lakini akamwambia waziwazi: mkipigwa meno yakang'oka, mimi sinyanyui kidole, msaada muombeni Mao. Pembeni ya Kim alikuwapo Pak Hon-yong, waziri wa mambo ya nje. Huyu ndiye aliyekuwa kiongozi wa wakomunisti wa Kusini, mwanzilishi wa Chama cha Kikomunisti cha Korea mwaka 1925, wakati Kim ana miaka 13. Pak aliahidi kwamba jeshi likishavuka tu, wanachama laki mbili walioko Kusini watainuka na serikali ya Seoul itaanguka yenyewe.

Jeshi likavuka tarehe 25 Juni 1950. Seoul ikaanguka baada ya siku tatu. Laki mbili hawakuinuka.

Mengine mnayafahamu na mitaala yenu inayo, nayapita haraka. Tarehe 15 Septemba Wamarekani walitua Incheon nyuma ya mgongo wa jeshi la Kim. Oktoba, Pyongyang yenyewe ikatekwa. Mao akaleta majeshi, na vita ikawa ya Wachina na Wamarekani, Kim akiwa pembeni. Majeshi ya Umoja wa Mataifa yalitoka nchi nyingi. Hata Ethiopia ilipeleka kikosi chake cha Kagnew. Ndege za Marekani zilimwaga tani 635,000 za mabomu juu ya Korea, kuliko zilizomwagwa katika vita nzima ya Pasifiki dhidi ya Japani. Mji wa Pyongyang ulisawazishwa. Watu wakahamia chini ya ardhi. Asiyefahamu jambo hili hatafahamu kwa nini raia wa Kaskazini aliposimuliwa ubaya wa Marekani hakuhitaji kushawishiwa sana. Mabomu alikuwa ameyaona.

Vita ilisimamishwa 27 Julai 1953, na mpaka ukawa karibu palepale ulipokuwa. Mamilioni wamekufa. Nani alianzisha? Nani alikosea hesabu? Mtawala mwingine angeulizwa maswali hayo na chama chake. Kim akatangaza ushindi, kisha akatafuta mtu wa kuyabeba.

Na hapa, ndugu zangu, ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu.

Chama tawala cha Kaskazini hakikuwa cha Kim peke yake. Kulikuwa na wakomunisti wa ndani, hasa wa Kusini, waliokuwa wakifungwa na Wajapani wakati yeye yuko Urusi. Kulikuwa na Wakorea waliopigana China pamoja na Mao. Kulikuwa na Wakorea waliozaliwa Urusi, walioletwa na Jeshi Jekundu kuendesha serikali. Na kulikuwa na wenzake wa msituni. Kila kundi lilimjua. Kila kundi lilikuwa na mtu wa kusema: huyu? Mimi namkumbuka huyu.

Ilianza Julai 1953. Ho Ka-i, Mkorea wa Kisovieti aliyekijenga chama kimuundo, alikutwa amekufa kwa risasi. Ikasemwa amejiua. Wiki chache baadaye, wino wa mkataba wa kusimamisha vita haujakauka, wakomunisti 12 wa Kusini walifikishwa mahakamani kwa kosa la kuipelelezea Marekani. Kumi walihukumiwa kifo. Mmoja wao alikuwa Im Hwa, mshairi aliyeacha kwao akaenda Kaskazini kwa sababu aliuamini mfumo. Pak Hon-yong mwenyewe walimweka hadi 15 Desemba 1955, wakamhukumu kifo kwa siku moja. Waziri wa mambo ya nje, mwanzilishi wa chama, sasa jasusi wa Marekani tangu zamani! Aliyeahidi watu laki mbili akabeba lawama ya vita nzima.

Siku 13 baadaye, tarehe 28 Desemba 1955, Kim alitoa hotuba ambayo baadaye ilifanywa msingi wa falsafa yake ya Juche, yaani kujitegemea. Isomeni siku moja, ina mambo ya kuchekesha kidogo. Analalamika kwamba alikwenda nyumba ya mapumziko ya jeshi akakuta ukutani picha ya nyika za Siberia, wakati Korea imejaa milima mizuri. Analalamika kwamba katika shule ya msingi alikuta picha za washairi wa Kirusi, Mayakovsky na Pushkin, hakuna Mkorea hata mmoja. Analalamika hata kwamba vitabu vinawekewa yaliyomo mwishoni, kama vya Warusi, badala ya mwanzoni. Nani atampinga? Mtoto wa Kikorea aone mlima wa Kikorea! Hata mimi ningepiga makofi. Na ndiyo hatari ya hotuba ile, maana waliokuwa wamezitundika picha hizo walikuwa ni wale Wakorea wa Kisovieti, na kuanzia hapo kila aliyetoka Urusi alikuwa mshukiwa wa kuipenda Siberia kuliko kwao.

Mwaka uliofuata walijaribu kumzuia. Februari 1956 Khrushchev, kiongozi mpya wa Kisovieti, alikuwa ameyafichua maovu ya Stalin na ibada ya kumtukuza mtu. Kim akasafiri wiki nyingi Urusi na Ulaya Mashariki kuomba misaada, huku nyuma wapinzani wake wakapanga. Tarehe 30 Agosti, kwenye kikao cha Kamati Kuu, waziri wa biashara Yun Kong-hum alisimama kumkosoa mbele ya wote. Fikirini ujasiri huo. Fikirini pia kilichofuata: watu wa Kim walikuwa wameandaliwa, wakamzomea mpaka sauti yake haikusikika. Hakumaliza. Usiku uleule yeye na wenzake kadhaa wakatoroka kwa gari mpaka mpakani, wakavukia China.

Septemba, Moscow ikamtuma Mikoyan, mmoja wa wakubwa wa Kisovieti, na Beijing ikamtuma Peng Dehuai, jemadari aliyeiokoa Korea vitani, kumlazimisha Kim awarudishe waliofukuzwa. Kim akasema ndiyo. Akawarudisha. Wageni walipoondoka akasubiri kidogo, kisha akaanza upya, na kufikia mwisho wa miaka ya 1950 makundi ya China na Urusi yalikuwa yamekwisha: wengine jela, wengine kaburini, wengine wamerudi walikotoka.

Wakabaki wenzake wa msituni. Hao je, si ndugu zake?

Niliwaomba muikumbuke Pochonbo. Uvamizi ule haukufanikiwa kwa wapiganaji peke yao. Upande wa ndani ya Korea, wilaya ya Kapsan, kulikuwa na mtandao wa siri uliowasaidia, na mmoja wa viongozi wake alikuwa Pak Kum-chol. Wajapani walimkamata, akakaa jela mpaka 1945. Kufikia miaka ya 1960 alikuwa miongoni mwa wakubwa wachache kabisa wa chama. Mwaka 1967 akaondolewa yeye na kundi lake la Kapsan. Moja ya tuhuma zilizotajwa ni kwamba alijijengea sifa zake mwenyewe kwao. Mtu aliyeweza kusema nilikuwapo Pochonbo, na nilifungwa kwa ajili yake, hakuwapo tena. Baada ya mwaka huo vitabu vya kigeni, na hata vya Kikorea vya zamani, vilipekuliwa na kuondolewa kwenye maktaba na majumbani.

Mnauliza raia wa kawaida alipatwa na nini. Kila familia ilichunguzwa: babu yako alikuwa nani, alimiliki shamba, alifanya kazi na Wajapani, ana ndugu Kusini? Kwa majibu hayo watu wakagawanywa makundi matatu makubwa, waaminifu, wanaoyumba na maadui, yenye vijisehemu 51. Mfumo huo unaitwa songbun. Kijana aliyezaliwa baada ya ukoloni anakosa chuo kikuu kwa sababu babu yake alikuwa na ekari kadhaa. Na kwa makosa ya kisiasa, kambi ya kazi ngumu ilimeza ukoo: mzazi, mtoto, mjukuu.

Nawapa mfano mmoja, wa mgeni, kwa kuwa yeye aliishi akasimulia. Ali Lameda alikuwa mshairi na mkomunisti wa Venezuela. Alialikwa Pyongyang kutafsiri maandishi ya Kim kwa Kihispania. Alikuwa ni rafiki, tena wa moyoni. Kosa lake ni kuwaambia waajiri wake kwamba sifa zile zimezidi, huko nje hakuna atakayeziamini. Septemba 1967 wakaja kumchukua. Mwaka mmoja kizuizini, anahojiwa kutwa, anapewa chakula cha kumfanya asife tu, akakonda kilo zaidi ya 20. Wakamwachia kidogo, wakamkamata tena, wakamhukumu miaka 20 ya kazi ngumu. Kalamu hakuwa nayo, akawa anatunga mashairi kichwani na kuyahifadhi humohumo. Serikali ya Venezuela na hata Ceausescu wa Romania walipoingilia kati, akaachiwa mwaka 1974. Kama rafiki mwenye serikali ya kumsemea alifanywa hivyo, mkulima wa mikoa ya Hamgyong asiye na wa kumsemea alifanywaje?

Uchumi sitauchambua sana, ila msidhani ulikuwa wa njaa tangu mwanzo. Kaskazini ilijengwa upya kwa kasi, kwa misaada mikubwa ya kisoshalisti na kwa jasho la kutisha. Mpaka miaka ya 1960 ilikuwa mbele ya Kusini. Kuanzia Desemba 1959 meli zilizokuwa zikitoka Niigata, Japani, zilibeba Wakorea waliochagua wenyewe kwenda Kaskazini, na jumla yao ikafika kama 93,000. Wengi kwao asili ni Kusini! Ndivyo ahadi ilivyokuwa tamu. Kampeni ya kuchapa kazi ikapewa jina la farasi wa hadithi mwenye mbawa, Chollima. Ninyi watu wa Morogoro mnacheka, mmeshaelewa. Naam, kile kituo cha utafiti wa mpunga pale Dakawa, kilichoitwa Cholima, kilijengwa kwa msaada wa Korea Kaskazini, na farasi ni huyohuyo.

Kisha wakaanza kukopa. Mwaka 1974 waliagiza magari elfu moja ya Volvo kutoka Sweden. Magari yalifika. Pesa hazijafika mpaka leo, na shirika la Sweden la dhamana za mauzo ya nje huwakumbusha deni kila mwaka. Fedha za mnara zilipatikana, lakini. Mwaka 1982, Kim alipotimiza miaka 70, ulisimamishwa mnara wa mita 170 wenye matofali ya mawe 25,550, moja kwa kila siku ya maisha yake.

Na Afrika ilimpenda, tusijifiche. Tanzania ilianzisha uhusiano naye 1965, na Mwalimu Nyerere alifika Pyongyang Juni 1968, mwaka mmoja tu baada ya Azimio la Arusha. Nchi iliyotawaliwa, ikapigwa mabomu, ikasimama ikisema tutajitegemea. Nani katika kizazi kile asingetaka kuiona? Lakini kila mgeni alirudi na alichokipenda. Mobutu alirudi Zaire na hamu ya kutukuzwa, na wakufunzi wa Kikorea wakamfundishia divisheni yake ya Kamanyola. Mugabe alikwenda Oktoba 1980, akaletewa wakufunzi 106 walioifundisha Brigedi ya Tano, ile iliyoingia Matabeleland mwaka 1983 na kuua raia kwa maelfu. Ndugu zetu wa Zimbabwe hawajamaliza kuzika. Sisi tulipata mpunga, wao walipata brigedi. Naona tulibahatika.

Mwalimu mmoja ameniletea karatasi: “Je, hakuwa na mpango wa kung'atuka?” Hakuwa nao. Kamusi ya siasa iliyotolewa Pyongyang mwaka 1970 ililaani urithi wa madaraka kuwa ni desturi ya jamii za kinyonyaji. Toleo lililofuata likaacha kulitaja jambo hilo, na mwaka 1980 mbele ya mkutano mkuu wa chama akaonyeshwa mrithi: Yuri, yule mtoto wa Khabarovsk. Ni hatua yenye mantiki yake. Kim alikuwa ameona Stalin alivyofanywa na waliomfuata. Mtu pekee asiyeweza kuja kumkana ni yule ambaye hana haki nyingine ya kutawala isipokuwa kuwa mwanawe.

Miaka yake ya mwisho alikuwa na uvimbe mkubwa nyuma ya shingo, upande wa kulia. Wapiga picha walijua wasimame upande upi. Nchi nzima ilining'iniza sura yake ukutani na kuivaa kifuani kama beji, na nchi nzima haikuwahi kuonyeshwa uvimbe ule.

Alifariki 8 Julai 1994, wiki mbili na ushee kabla ya kukutana na rais wa Kusini, Kim Young-sam. Tangazo likatolewa kesho yake adhuhuri. Mmeziona picha za video: watu wanajipiga vifua, wanagaragara mbele ya sanamu. Vijana huniuliza kila mara, walikuwa wanaigiza?

Wapo walioigiza, maana asiyelia aliangaliwa. Lakini mimi naamini wengi walilia kweli. Chukueni mtu aliyekuwa na miaka 30 siku ile. Amezaliwa 1964. Redio ya nyumbani kwao imefungwa kwenye stesheni moja. Alipoanza shule, vitabu vya zamani vimeshaondolewa. Cho Man-sik hajawahi kumsikia. Pak Hon-yong anamjua kama jasusi. Picha ya Oktoba 1945 aliyoiona haina Warusi. Babu anayekumbuka mengine hathubutu kumsimulia mjukuu, kwa sababu mjukuu atasimulia shuleni na ukoo mzima utakwisha. Mtu huyo angemlilia nani mwingine?

Na wakati wanalia, ghala zilikuwa tupu. Urusi ilikuwa imeacha kuwauzia mafuta kwa bei ya kirafiki, mbolea hakuna, tangu 1991 wanahimizwa kula milo miwili kwa siku. Njaa iliyofuata iliua mamia ya maelfu ya watu. Wapo watafiti wanaosema ni milioni moja au zaidi. Iliwaua chini ya utawala wa mtoto, lakini mashamba, madeni, minara na mipaka iliyofungwa vilikuwa vya baba. Mwaka 1998, njaa haijaisha, katiba ilirekebishwa ikamtaja marehemu kuwa rais wa milele. Cheo hicho mwanawe hakukichukua, na mjukuu wake anayetawala sasa hajakichukua pia.

Nimezidisha dakika, mwenyekiti ananitazama. Maswali yaanze na wale wa nyuma.